Nani Alijibu Ndani ya Tangi

"Zabibu hazina habari na polisi," alisema Theunis Lochner. "Ukungu ukiondoka jua likazipiga, harufu yote imekwenda. Kwa hiyo uliza unachouliza, binti, halafu unirudishie tangi langu."

Sauti yake ilikuwa mkwaruzo mtupu. Tangu madaktari walipomtoa uvimbe kooni, mwenye shamba la Meeuklip alizungumza kwa kunong'ona, na mtu alilazimika kumsogelea ili amsikie. Sajini Levona Apollis alimsogelea. Walikuwa ndani ya ghala la mvinyo, mbele ya tangi refu la chuma kisichoshika kutu. Chini kabisa lilikuwa na mlango mdogo wa mviringo, wa kumfanya mtu mzima aingie kwa kutambaa. Ndani ya tangi hilo ndimo Kerneels Moos, msimamizi wa ghala, alimokutwa amekufa.

"Mwili ulipotolewa, nani aliamuru tangi lioshwe?"

"Wernich, mtengeneza mvinyo wangu. Alisema tutalihitaji."

"Na wewe ukakubali."

"Wakati wa mavuno nakubali lolote."

"Wafanyakazi wanasema uligombana na Kerneels siku moja kabla. Ulimtikisia kidole puani."

Lochner alilitazama tangi, akatazama sakafu. "Nilimtikisia. Alikuja kuniambia kwamba mvinyo wetu wa mwaka jana, ule uliopata tuzo, una kitu ambacho hakikutoka kwenye mizabibu yetu. Kerneels, niliyekua naye! Anakuja kunitukania mvinyo mavuno yakiwa mlangoni! Nikamwambia aniondokee." Akameza mate kwa taabu. "Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasikia kwangu. Haya, andika."

Levona hakuandika. Alitoa mfukoni mfuko mwembamba wa plastiki wenye kipande cha mshumaa, akauinua kwenye mwanga wa taa. Mshumaa huo ulikutwa chini ya mwili. Asubuhi ya siku ile ulikuwa mpya. Mke wa Kerneels ndiye aliyemtolea kwenye pakiti, kama alivyofanya kila siku ya mavuno. Sasa ulikuwa umebaki nusu.

"Nieleze kuhusu gesi," alisema.

"Wameshakueleza."

"Nieleze tena. Mimi mzito kuelewa."

Lochner akaonyesha mtungi mkubwa uliofungwa ukutani, na mpira mnene uliotoka kwenye mtungi mpaka kwenye koki ya chini ya tangi. "Mvinyo wa namna yetu, mali yake ni harufu. Hewa inaiua. Ndiyo maana tunavuna kwenye baridi, tunawahi, na tangi likishaoshwa tunalivisha. Tunaingiza gesi kutokea chini. Ni nzito, inalala, inapanda polepole, inaisukuma hewa yote nje. Ndipo tunapoingiza maji ya zabibu."

"Na mtu akiwa ndani?"

"Hakuna mtu anayekuwa ndani!" Mkwaruzo ulipanda ukakatika. Alishika koo lake. "Ndiyo maana kuna mshumaa. Unautanguliza mlangoni. Ukizima, huingii."

"Basi huu ungezima pale mlangoni, ukiwa mrefu. Lakini umeungua nusu nzima, Bwana Lochner. Kerneels aliingia kwenye hewa safi, akauweka mshumaa wake chini, akasugua kuta kwa muda mrefu. Gesi ilimkuta akiwa kazini."

Rangi ilimtoka mzee usoni kidogo kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu afike Levona alimwona ni mtu mwenye hofu, si mwenye haraka.

"Gesi haijifungulii yenyewe," alisema Levona, akaurudisha mshumaa mfukoni.

Kituoni walikuwa na jibu lao tayari. Kwenye shamba hilo hakuna aliyeingia tangini bila mlinzi kukaa mlangoni na kamba mkononi. Mlinzi wa siku ile alikuwa Rozario Geswind, na Rozario hakuwepo alipotakiwa. Alisema alitumwa na Wernich Basson apeleke barafu kavu kwenye mizabibu ya upande wa bahari, wakainyunyizie makreti ili zabibu zisipate joto. Wernich alisema hakumtuma popote. Neno la kibarua na neno la msomi. Hebu niambie lipi lilipimwa zito. Mkuu wa Levona alishalifunga jalada, na kesho asubuhi Rozario angesimama mbele ya hakimu kwa kifo cha mtu aliyemfundisha kazi.

Alitoka nje. Ukungu wa bahari ulikuwa umelala juu ya mizabibu, mweupe na mzito, hata mistari ya karibu haikuonekana vizuri. Chini ya paa la mabati, wanawake waliovaa kofia za sufu walisimama pande mbili za mkanda unaozunguka, wakichambua zabibu. Majani yalitupwa huku, vichala vilivyooza kule. Mkanda uliunguruma, na ngurumo yake ilitetemesha sakafu ya saruji mpaka ndani ya ghala.

Siena Geswind, mama yake Rozario, alisimama mwisho wa mkanda, jirani na ukuta wa ghala. Alimwona Levona akija, na mikono yake haikusimama.

"Kama umekuja kuniambia niongee taratibu, siwezi," alisema Siena. "Mkanda huu hausimami. Bosi amesema hata kwa mazishi hausimami, na hata siku ile walipokuwa wanamtoa Kerneels pale mlangoni haukusimama. Tulimtazama akipita, mikono inachambua."

"Pole, Anti Siena. Nataka uniambie ulichosikia."

"Nimeshasema kituoni. Wakanicheka. Wakasema mama ni mama, atamtetea mwanawe hata kwa uongo."

"Niambie mimi."

Siena akamtazama usoni, akimpima. Kisha akasogea karibu. "Unaijua kazi ya mlinzi wa mlango? Anamwimbia wa ndani. Anauliza: *Uko wapi, ndugu yangu?* Halafu ananyamaza. Ananyamaza kabisa, mwanangu, hata akiwashwa hajikuni. Wa ndani anajibu: *Niko hapa, niko hapa.* Akisikia jibu, anauliza tena. Asiposikia, hangoji, anavuta kamba kwa nguvu zote. Wimbo ukikatika, nasi huku tunakimbia. Ndivyo tulivyolelewa."

"Na siku ile?"

"Siku ile nilimsikia Kerneels akijibu, tena vizuri tu. Sauti ikiwa ndani ya tangi inavuma, huwezi kuikosea. Halafu trekta likaja, mkanda ukajaa, mikono ikawa mbioni. Wimbo ukaendelea. *Uko wapi, ndugu yangu, niko hapa, niko hapa, uko wapi, ndugu yangu.* Bila nafasi. Na lile jibu halikuvuma, Sajini. Lilikuwa kavu. Lilikuwa la mtu aliyesimama nje."

Levona alimsogelea zaidi.

"Yaani alikuwa akijiuliza na kujijibu mwenyewe."

"Nami nikasema moyoni, aa, wanaimba hao, wako salama." Siena akatupa kichala kilichooza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Nikaendelea kuchambua."

"Sauti ya nani?"

"Kwa ngurumo hii? Ya mwanamume. Nikisema zaidi nitakuwa naongopa."

"Ya Rozario?"

"Wee! Rozario nimemzaa mimi, anaimba puani. Lakini nani atanisikiliza?"

"Bwana Theunis?"

Pamoja na machungu yake, Siena alicheka. "Yule? Hata mbwa wake siku hizi anamwita kwa kupiga makofi."

Hapo Levona alimfuta mzee kichwani mwake. Mgomvi, ndiyo, lakini hana sauti ya kuvuka hata mlango. Akabaki mmoja. Wernich Basson alikuwa mtu wa kuja, wa kutoka chuoni, na wimbo aliujua kwa kuusikia, kama mgeni anavyojua nyimbo za kanisa la watu. Maneno aliyashika. Kile kimya cha katikati hakuna aliyemfundisha kwamba ndicho kilichobeba kazi yote.

Lakini hilo lilikuwa wazo tu, na wazo huwezi kulipandisha kizimbani. Shahidi wake pekee alikuwa mama wa mtuhumiwa.

Akainama sikioni mwa Siena. "Nitaingia ndani ya tangi lile. Nitahakikisha Wernich ndiye anayenilinda. Mwanzo nitamjibu, halafu nitanyamaza kwa makusudi. Akivuta kamba, nimemkosea mtu wa watu na nitamwomba radhi. Wimbo ukiendelea bila mimi, Anti Siena, usiningoje."

"Wewe una wazimu!"

"Kesho asubuhi mwanao anasimama mbele ya hakimu. Sina kingine."

Siena akautazama mkanda, akautazama ukuta wa ghala. "Na nisiposikia? Siku ile sikusikia. Trekta likija wakati huo huo, je?"

Levona alimgusa bega tu, akaondoka.

Wernich Basson alimpokea kwenye chumba kidogo cha kuonjea, kijana nadhifu mwenye sweta la kijivu na mikono misafi kupita ya mtu yeyote pale shambani. Alimkingia maji ya zabibu yaliyokuwa yanaanza kuchacha, akampa glasi kwa heshima zote.

"Usinywe kwanza. Nusa."

Levona akanusa. Mapera mabichi, majani yaliyokatwa sasa hivi, na kwa mbali, mbali kabisa, pilipili hoho.

"Hiyo ndiyo bahari, Sajini," alisema Wernich. "Baridi ya bahari inaichelewesha zabibu kuiva, harufu inakaa. Bara wangetoa macho kuipata hiyo."

"Hoho imefichika sana."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Ajabu. Asubuhi nilikuwa kwa mjane. Amenipa koti la Kerneels. Amelifua, amelianika, mfuko wake bado unanuka hoho mpaka macho yanawasha. Kama kuna kichupa kilimwagika humo." Akaiweka glasi mezani. "Nasikia kuna watu wanatia harufu ya kiwandani kwenye mvinyo, wapate tuzo. Sheria hairuhusu, au nimedanganywa?"

Tabasamu la Wernich lilibaki pale pale, ila macho yaliacha kutabasamu. "Hukudanganywa. Umeshawaambia wenzako kuhusu koti hilo?"

"Nani anisikilize? Jalada limefungwa. Mkuu wangu hajui hata kama niko huku." Akashusha pumzi, akajifanya mtu aliyechoka. "Limebaki jambo moja nijiridhishe, halafu nirudi zangu. Nataka kuingia tangini nione kama kuna nta ya mshumaa. Maji ya baridi hayatoi nta."

"Peke yako huwezi. Sheria ya shamba." Wernich alisimama, akakung'uta sweta lake ambalo halikuwa na kitu. "Nitakulinda mimi."

Alisema upesi mno. Levona alimshukuru, akamfuata kuelekea ghalani. Ndiyo, aliogopa. Nani asingeogopa?

Wernich mwenyewe alimfunga kamba kiunoni. Alikaza fundo, akalijaribu, akaliachia. "Tulizoea kumcheka Kerneels na kamba zake," alisema. Levona akawasha mshumaa, akautanguliza ndani ya ule mdomo wa chuma. Mwali ulisimama wima. Hewa ilikuwa safi. Akapiga moyo konde, akatambaa.

Ndani kulikuwa na baridi ya kuuma meno. Kuta zilipanda juu gizani, na kila alichofanya kilimrudia: kiatu chake, pumzi yake. Aliyeliosha tangi alikuwa ameacha humo ndoo na brashi ya kusugulia. Akauweka mshumaa sakafuni.

"*Uko wapi, ndugu yangu?*" Sauti ya Wernich iliingia mlangoni, nzuri, ya chini.

"*Niko hapa, niko hapa.*" Yake ilivuma mpaka ikamtisha mwenyewe.

Akapiga magoti, akaanza kupapasa sakafu kwa ncha za vidole. Karibu na ukuta wa nyuma alikuta duara dogo laini, jeupe, limeganda kwenye chuma. Nta, tena nyingi. Mshumaa wa Kerneels ulikaa pale ukilia muda mrefu. Akalipiga picha kwa simu. Mtandao, bila shaka, hakukuwa nao ndani ya chuma kile.

"*Uko wapi, ndugu yangu?*"

"*Niko hapa, niko hapa.*"

Akageuka kurudi mlangoni, na mwanga wa simu ukapita kwenye mpira mweusi wa kuzibia hewa, uliozunguka mdomo wa mlango, upande wa ndani. Akaurudisha. Mpira ulikuwa umekwaruzwa. Mistari minne, halafu minne tena, mifupi, ya kina, na kwenye mmoja kulibaki kitu chembamba cha njano, kipande cha ukucha.

Mlango ukiwa wazi mtu hakwaruzi mpira. Anatoka. Kerneels alifungiwa.

Kila kitu mwilini mwake kilimwambia atoke sasa hivi, kabla swali halijaimbwa tena. Lakini ukucha ungesema tu kwamba mlango ulifungwa, usingesema na nani. Na Rozario alikuwa kule korokoroni akihesabu matofali.

"*Uko wapi, ndugu yangu?*"

Levona akabana midomo.

Kimya. Kwa nukta moja alidhani amemkosea. Aliingoja kamba ikaze kiunoni mwake. Aliiomba ikaze, hata imtegue mbavu, aburutwe nje aombe radhi kwa furaha.

"*Niko hapa, niko hapa,*" aliimba Wernich, kwa sauti ya juu kidogo. "*Uko wapi, ndugu yangu, niko hapa, niko hapa...*"

Mtu yule alikuwa akimjibia, kama mwili wake umeshalala pale chini.

Kamba ilisogea. Haikukaza. Ilikuja yenyewe, laini, ikijikunja mbele ya magoti yake, mpaka ncha yake ikaingia mlangoni na kuanguka. Levona aliruka akaukamata ukingo wa mlango, lakini chuma kilishakuja kwa nguvu. Alivuta vidole nukta ile ile kisivikate. Gurudumu la nje likazungushwa. Likazungushwa tena.

Ukawa mwanga wa mshumaa tu. Na kwenye koki ya chini, nyuma ya wimbo, sauti nyembamba: sssss.

"Basson! Fungua! Wewe, fungua!"

Sauti yake ilizunguka tangini, ikamrudia usoni. Alipiga chuma kwa simu mpaka kioo kikavunjika mkononi. Wimbo wa nje ulizidi kupanda. Ndipo akaelewa kwa nini haukuwa na nafasi hata siku ile: kila mapumziko yangeufichua mlio wa gesi.

Mwali wa mshumaa uliinama. Ukawa wa buluu, mdogo, ukakata tamaa. Levona aliunyakua kabla haujazima kabisa, akauinua kifuani, nao ukafufuka. Basi gesi ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Akaipindua ndoo, akapanda juu yake, akajinyoosha kwa vidole vya miguu, akiegemea ukuta wa baridi kama barafu. Aliushusha mshumaa kidogo kupima. Usawa wa magoti, mwali ulijikunja. Akaurudisha juu haraka.

Ndipo alipoisikia ngurumo. Trekta. Lile lile alilolihofia Siena. Tela lilimwaga, na mkanda ukapokea mzigo. Mtetemo wake ulipita kwenye saruji, ukapanda kwenye chuma, ukafika mpaka kwenye ndoo aliyosimama. Kwa kelele ile, hakuna binadamu angesikia wimbo ukutani.

"Siena!" alipiga yowe. "Anti Sienaaa!"

Alipima tena, mwali ukajikunja usawa wa kiuno. Kichwa kilianza kumgonga, pumzi zikawa fupi, za haraka, kama za mtu aliyepanda mlima. Aliwaza mikwaruzo ile mlangoni. Kerneels alimsikia nani, alipokuwa akikwaruza? Alisikia jibu lake mwenyewe likiimbwa na mtu mwingine.

Mwali ulijikunja usawa wa kifua. Levona akauinua juu ya kichwa chake, nta ya moto ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Hakuihisi.

Halafu mtetemo ukakoma.

Alidhani ni miguu yake imekufa ganzi. Alidhani ndivyo mtu anavyoanza kwenda. Ngurumo ilikuwepo, sasa haikuwepo. Hapakuwa na mkanda, hapakuwa na trekta, hapakuwa na chochote duniani isipokuwa sauti moja ya mwanamume upande wa pili wa chuma, nzuri na ya chini, ikijiuliza na kujijibu.

"*Uko wapi, ndugu yangu, niko hapa, niko...*"

Wimbo ukakatika. Kitu kizito kilianguka. Palikuwa na viatu vingi, na mtu akipiga kelele. Mshumaa ukazima mkononi mwake, na Levona akateleza kutoka kwenye ndoo.

Alichokumbuka baadaye ni gurudumu likizunguka, na mikono inayonata kwa maji ya zabibu ikimshika kwapani, ikimburuta juu ya ule mpira uliokwaruzwa. Alilala kwenye saruji akivuta hewa kwa mdomo wazi, akakohoa, akatapika, akavuta tena. Hewa ilinuka mapera na majani yaliyokatwa.

Ghala lilikuwa limejaa kofia za sufu. Wernich Basson alikuwa amebanwa ukutani karibu na mtungi, na wanawake wa mkanda walikuwa wamemshika kila mahali pa kushika, sweta lake la kijivu likiwa limechanika begani. "Nilikuwa naenda kumfungulia," alisema. "Mlango ulijifunga." Hakuna aliyemjibu. Mmoja wao bado alikuwa na kichala cha zabibu mkononi.

Theunis Lochner aliingia akihema, kofia mkononi, uso umewiva kwa hasira. "Nani amezima mkanda?" alikwaruza. "Nani..." Akaona mpira wa gesi uliounganishwa kwenye koki. Akaona gurudumu la mtungi limefunguliwa. Akamtazama Levona pale chini, kisha akamtazama mtengeneza mvinyo wake kwa muda mrefu. Akaenda mwenyewe kwenye mtungi, akaufunga.

"Alikuja kuniambia," alinong'ona. "Kerneels alikuja kwangu akaniambia, nikamfukuza." Akakaa juu ya kreti, akajifunika uso kwa kofia.

Levona alijiinua kwa kiwiko. Koo lilimuuma. "Mmesikia?"

"Wote," alisema Siena. Alikuwa amepiga magoti kando yake, bado amemshika kwapani, kama anaogopa kumwachia. "Mkanda mzima. Tulisimama kimya tukamsikia akikujibia. Si mama peke yake sasa. Andika majina yetu, Sajini, kila mmoja, uyapeleke huko kwa wenye kucheka."

"Kesho Rozario atarudi nyumbani."

Siena alitikisa kichwa kukubali. Hakutabasamu.

"Lakini ulisikiaje, Anti?" aliuliza Levona. "Trekta lilikuja. Mimi mwenyewe nilikata tamaa."

"Sikusikia," alisema Siena. "Lilikuja, nikaona sisikii kitu, nikasema potelea mbali, nikampungia dereva azime trekta, nikauzima mkanda." Alivitazama viganja vyake vilivyonata, na mikono ile ambayo haikuwa imesimama asubuhi yote ikaanza kumtetemeka. "Ni kitufe tu. Chekundu. Kiko pale mkandani, karibu na goti langu. Unakigusa, basi, kunakuwa kimya."

Akayageuza macho kwenye mlango wa tangi.

"Siku ile nayo kilikuwa pale pale, mwanangu. Karibu na goti langu."